Kurambaza Samoni na Trauti kwa Mashua Ndogo: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki huita kurambaza ile kazi ya kuvuta mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, na kazi hiyohiyo hufanywa kila asubuhi ya kiangazi kwenye Ziwa Michigan, nchini Marekani, na watu wenye mashua za mita tano au sita wanaotafuta samoni na trauti. Tofauti kubwa ipo katika kina. Anayerambazia nguru nje ya Mafia au Malindi mara nyingi hukiona chambo chake kikichezacheza nyuma ya tezi, ilhali anayerambazia samoni mwezi Julai amekishusha chake mita 20 au 30 katika maji baridi, mahali ambapo hakioni wala hana hakika kama kinaogelea au kinaburutwa kama kijiti. Matatizo mengi yaliyomo katika mwongozo huu yanatokana na kutokuona huko.

Nimeshikamana na Ziwa Michigan kwa sababu ndilo ninalolivua, ingawa mengi yatamfaa pia anayevua Ziwa Huron au Ziwa Ontario. Samoni wa Ziwa Michigan si wenyeji. Jimbo la Michigan lilipandikiza samoni koho mwaka 1966 na samoni Chinook mwaka 1967, wakati ziwa lilipokuwa limejaa alewife, samaki mdogo wa ukoo mmoja na dagaa wa Tanganyika, aliyeingia kutoka baharini kwa njia ya mifereji na ambaye mwaka huohuo wa 1967 alikufa kwa wingi hadi fukwe zikanuka. Chinook aliletwa kumla alewife, na hadi leo anamfuata. Kwa hiyo mvuvi anayeuliza samoni wako wapi anauliza mambo mawili kwa pamoja: maji yenye joto linalomfaa samoni yako kina gani, na chakula chake kiko wapi ndani ya maji hayo.

Utaratibu wa uchunguzi ninaoutetea ni huu: kwanza kina, pili kasi, na chambo mwisho. Watu wengi huanza na chambo kwa sababu ndicho wanachoweza kukishika mkononi, na sanduku lenye vijiko (chambo bandia za bati zenye umbo la kijiko) hamsini vya rangi hamsini humfanya mtu aamini kwamba jibu limo ndani yake. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha lipe angalau dakika 20 kabla ya kuligusa jingine, kwa maana aliyebadilisha matatu kwa mpigo hatajua ni lipi lililomletea samaki.

Sona inaonyesha samaki, lakini hakuna anayekula

Hii ndiyo dalili inayowakera watu kuliko zote. Sona, kile kifaa kinachoonyesha samaki kwa mwangwi wa sauti, imekwisha kukuambia kina walipo, hivyo chanzo cha kawaida kinachobaki ni kasi. Namba inayosomwa kwenye GPS ni kasi ya mashua juu ya ardhi. Chambo hakijui habari za ardhi. Kinachokichezesha ni maji yanayopita juu yake kule chini kilipo, na maji hayo huwa na mkondo wake, ambao unaweza kwenda upande tofauti kabisa na mawimbi unayoyaona juu.

Asubuhi moja ya Julai, nje ya Ludington, tulipata Chinook watatu tukielekea kaskazini, kisha tukageuka na kwenda kusini kwa muda wa saa nzima bila hata fimbo moja kuinama. GPS ilisoma maili 2.4 kwa saa pande zote mbili, karibu kilomita 3.9, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulaumu rangi ya vijiko. Aliyetambua kosa ni mwenzangu aliyekuwa ameketi karibu na tezi: tulipokwenda kaskazini waya wa chuma unaobeba chubwi, ule uzito unaokishusha chambo hadi kinani, ulikuwa umelala nyuma sana, na tulipokwenda kusini ulikuwa umesimama wima kana kwamba mashua imetia nanga. Mkondo wa chini ulikuwa unakwenda kusini. Tulipoufuata, chambo kilikuwa karibu kimesimama ndani ya maji. Tulipoukabili, kilikuwa na kasi ya kutosha. Tuliongeza mwendo hadi maili 3 tukielekea kusini, waya ukalala kama ulivyolala mwanzo, na samaki wakaanza kushika pande zote mbili.

Kutokana na kisa hicho napendekeza kwamba mwenye mashua ndogo auchukulie ule mlalo wa waya kuwa kipimo chake kikuu cha kasi. Samaki wa kwanza anaposhika, tazama waya umelala kiasi gani na uelekeo wa mashua ni upi, uyaandike. Kisha kila unapogeuka, rekebisha mwendo hadi waya urudi kwenye mlalo uleule, hata kama GPS inasema jambo jingine. Wenye uwezo hufunga juu ya chubwi kifaa kinachotuma kasi na joto la maji kutoka kule chini, kama vile Fish Hawk, na kifaa hicho huondoa ubishi mwingi. Asiye nacho ana waya.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama, nacho ni kona. Mashua inapokata kona pana kwenda kushoto, mishipi ya kushoto hupunguza kasi na kuzama kidogo, na ile ya kulia huongeza kasi na kupanda. Samaki akishika upande wa ndani wa kona, anakuambia kwamba unakwenda mbio au uko juu mno. Akishika upande wa nje, kinyume chake. Samaki mmoja si ushahidi, lakini wawili wakifuatana upande mmoja wanastahili kusikilizwa. Kwa sababu hiyo haifai kunyoosha njia kama anayelima mtaro. Njia ya kupindapinda hukufanyia majaribio ya kasi bila wewe kugusa injini.

Kasi za kuanzia ni hizi. Chinook na koho huvuliwa kwa maili 2 hadi 2.8 kwa saa, yaani kilomita 3.2 hadi 4.5. Trauti wa ziwa hupenda mwendo wa polepole zaidi, kuanzia maili 1.5 hadi 2.2. Trauti wa upinde wa mvua anayehamahama, ambaye wenyeji humwita steelhead, hukifukuza chambo hata kwa maili 3. Nimeona zaidi ya mara moja mtu aliyekulia kwenye mashua za pwani, aliyezoea kurambazia jodari kwa mwendo wa mara mbili ya huo au zaidi, akiwapita samoni siku nzima kwa sababu mkono wake hauamini kwamba mashua inapaswa kutambaa hivyo. Kabla ya kushusha chambo chochote, kiweke ubavuni mwa mashua kwa mwendo uliouchagua na ukitazame. Kijiko kizuri huyumba huku na huku na mara mojamoja kupinduka. Kikizunguka mfululizo kama pia, mwendo ni mkubwa, na kikilala ubavu bila uhai, mwendo ni mdogo.

Endapo unatumia bamba la kung'aa linalotangulia chambo, lile ambalo wavuvi wa huko huliita flasha, tazama pia urefu wa kipande cha mshipi kati ya bamba na chambo. Bamba ndilo linalokipa chambo uhai. Kipande kikiwa kifupi, chambo hutupwatupwa kwa nguvu. Kikiwa kirefu, mtikisiko hupotea njiani. Kwa chambo cha manyoya, mimi huanza na sentimita 60, nikafupisha ikiwa samaki wanafuata bila kushika, na kurefusha ikiwa trauti wa ziwa ndio ninaowataka.

Baada ya kasi, chunguza kama chambo kipo juu ya samaki au chini yake. Macho ya samoni yamewekwa ili kuona vizuri kilicho mbele na juu, na ni nadra atelemke kukifuata kilicho chini yake. Alama za sona zikiwa mita 24, weka chambo mita 21 au 22. Kumbuka pia kwamba sona huona umbo la pia iliyopinduliwa: kihisi chenye pembe ya nyuzi 20 hufunika, kwa kina cha mita 30, duara la upana wa karibu mita 10, kwa hiyo samaki unayemwona kwenye kioo anaweza kuwa pembeni, mita kadhaa kutoka kwenye njia ya chambo chako.

Hapo ndipo rangi inapoingia, na hata hapo kwa kiasi. Maji ya Ziwa Michigan yamekuwa maangavu mno tangu kome wa quagga walipoenea na kuyachuja. Nyekundu hufifia mapema kadiri unavyoshuka, ilhali kijani na buluu hufika mbali. Kabla ya jua kuchomoza, vijiko vinavyong'aa gizani baada ya kumulikwa kwa tochi hufanya kazi kuliko vyote. Jua likipanda, fedha na kijani huchukua nafasi. Na ikiwa ni mwisho wa Agosti au Septemba karibu na mlango wa mto, yaelekea hakuna kosa lolote kwako. Chinook aliyekomaa amekaribia kupanda mtoni kutaga, hali tena kwa njaa, na hushika chambo kwa hasira tu kinapompitia karibu na uso.

Sona haionyeshi kitu kabisa

Hapa mashua ipo mahali pasipofaa, na hakuna kijiko kitakachorekebisha hilo. Kiangazi ziwa hujigawa matabaka: juu maji ya vuguvugu, chini maji ya nyuzi 4 au 5, na katikati tabaka jembamba la mpito ambamo joto hushuka ghafla ndani ya mita chache. Chinook na koho hutafuta maji ya nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Steelhead huvumilia hadi 16. Trauti wa kahawia hupenda 13 hadi 18. Trauti wa ziwa hushuka kwenye 7 hadi 11, na mara nyingi hukaa karibu kabisa na sakafu, anakokula pia samaki mdogo wa goby aliyeingia ziwani katika miongo ya hivi karibuni. Ukiongeza nguvu ya sona, tabaka la mpito mara nyingi huonekana kama ukungu mwembamba uliolala. Asiye na sona ya kisasa anaweza kufunga kipimajoto kwenye chubwi, akakishusha, akasubiri dakika tatu na kukipandisha haraka. Kipimo hicho hakina usahihi mkubwa, ila kinatosha kutofautisha maji ya nyuzi 18 na ya nyuzi 10.

Tatizo ni kwamba tabaka hilo halikai mahali pamoja, na anayelihamisha ni upepo. Juzi liko mita 25, leo liko mita 9, na yule aliyeshusha mishipi yake mahali pa juzi analalamika kwamba samaki wamekwisha. Kwenye ufuko wa mashariki, upande wa jimbo la Michigan, upepo wa kaskazini ukivuma siku mbili au tatu huyasukuma maji ya juu kwenda katikati ya ziwa, na maji baridi hupanda kuchukua nafasi yake. Upande wa magharibi, Milwaukee na Sheboygan, jambo hilohilo huletwa na upepo wa kusini na wa magharibi. Waliokulia kando ya Tanganyika hawahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa pepo za kusini-mashariki za kiangazi cha huko huyasukuma maji ya juu kaskazini na kuyapandisha yale ya chini kwenye ncha ya kusini kwa namna hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutoka bandarini, uliza upepo wa siku tatu zilizopita kabla ya ule wa leo. Maji yakiwa baridi hadi karibu na uso, usihangaike na mita 30: vua mita 6 hadi 15, hata kama ufuko unauona kwa macho. Upepo ukiwa umerundika maji ya moto ufukweni kwa siku kadhaa, utalazimika kwenda mbali zaidi na chini zaidi, na mwenye mashua ya mita tano ana haki ya kuamua kwamba safari hiyo haimfai.

Majira nayo yana sheria zake. Aprili na Mei, maji ya ufukweni ndiyo yanayopata joto kwanza, hivyo koho hukusanyika upande wa kusini wa ziwa, na trauti wa kahawia huzunguka katika kina cha mita 2 hadi 5 karibu na magati na milango ya mito. Huko chubwi halihitajiki. Kinachohitajika ni kukipeleka chambo mbali na kelele za mashua, mita 30 au zaidi nyuma, ikiwezekana kwa kibao cha pembeni kinachouvuta mshipi nje ya njia. Steelhead wa kiangazi ni suala jingine, kwa sababu sona haimwoni: hukaa kwenye mita chache za juu, mbali na nchi kavu, kando ya mistari ya povu na wadudu waliokusanywa na mikondo miwili inayokutana. Weka mshipi mmoja wenye kijiko cha rangi ya chungwa karibu na uso hata siku unapowatafuta Chinook walio chini.

Kaunta inasema mita 30, samaki wako mita 30, na bado hakuna kitu

Kaunta ya mtambo wa kushushia chubwi huhesabu urefu wa waya uliotoka. Kina ni habari nyingine. Waya ukilala nyuzi 30 kutoka wima, mita 30 za waya zinakupeleka mita 26 tu. Tiba ni chubwi zito zaidi, kwa mfano kilo 5.5 au 6 badala ya 3.5, au kukubali kosa hilo na kuongeza waya. Katika mashua nyepesi mimi sipandi zaidi ya hapo, kwa sababu mzigo huo huning'inia nje ya ubavu na kila wimbi huuvuta. Usikisie kama sona inaweza kukuonyesha chubwi lenyewe: kwa kina cha kadiri na mwendo wa polepole, huonekana kama mstari ulionyooka, na ukiusoma mstari huo unajua kosa la kaunta ni mita ngapi.

Mshipi wenye kiini cha risasi una mtego wa aina hiyo. Umepakwa rangi inayobadilika kila yadi 10, takriban mita 9, na kila rangi hushuka karibu mita moja na nusu kwa mwendo wa maili 2. Ukiongeza mwendo, rangi zilezile huvua juu zaidi, na mashua ikisimama ili kumpigania samaki, zote hushuka kuelekea sakafuni.

Kibanio kinafyatuka bila samaki, au hakifyatuki akiwapo

Kibanio ni kile kifaa kidogo kinachoushika mshipi kwenye chubwi hadi samaki auvute. Kikifyatuka ovyo, tazama kwanza mawimbi, kwani mashua inayopanda na kushuka huuvuta mshipi kama samaki anavyouvuta. Sogeza mshipi ndani zaidi ya meno ya kibanio, na upunguze kidogo mpindo wa fimbo. Mabamba makubwa pia huvuta kwa nguvu na huhitaji kibanio kilichokazwa zaidi kuliko vijiko.

Hali ya kinyume ni mbaya zaidi kwa kuwa haionekani. Koho mdogo wa kilo moja anaweza kushika chambo na kukokotwa kwa nusu saa, huku fimbo ikitikisika kidogo tu, na wewe ukiendelea kusubiri kwa mshipi ambao tayari una mtu wake. Fimbo inapaswa kuwa imepinda kama upinde tangu mwanzo, ili mshipi unapoachiliwa ijinyooshe na kuukaza. Ikiwa inatikisika kwa namna usiyoielewa, upandishe mshipi uukague. Majani na uchafu ulionaswa kwenye ndoana hutoa mtikisiko kama huo, na chambo chenye jani hakiliwi.

Samaki anashika kisha anatoka

Anza na ndoana. Ipitishe juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza bila kukwaruza, ni butu, na kinywa cha Chinook kina mfupa mgumu. Pili, breki ya rili, kile kigurudumu kinachokunja mshipi. Wengi huikaza kwa sababu wanamwogopa samaki mkubwa, kumbe Chinook wa kilo 8 anapokimbia kwa mara ya kwanza hakuna mtu anayemzuia. Mwache achukue mita 60 kama anazitaka, huku breki ikiwa imelegezwa kiasi kwamba mkono wako unaweza kuuvuta mshipi bila kuumia. Mshipi uliosukwa, ambao haurefuki unapovutwa, unahitaji breki nyepesi zaidi kuliko wa nailoni, vinginevyo ndoana hupasua nyama na kutoka.

Kosa linalofanyika sana kwenye mashua ndogo ni kuzima injini. Nahodha akiwa peke yake huona fimbo imepinda, huacha usukani, na mashua inaposimama mshipi hulegea kwa sekunde mbili. Sekunde mbili zinatosha. Punguza mwendo, usiukate. Peleka omo mahali ambapo samaki atabaki nyuma upande mmoja, na ikiwezekana ukabili upepo, maana ukienda na upepo wa tezi mashua itamkimbilia samaki wako.

Hatua ya mwisho ni wavu wa mkono. Samaki huingizwa kwa kichwa, akiwa juu ya maji, na wavu ukingoje chini bila kumfukuzia. Aliyefikia ubavu wa mashua bado ana mbio moja au mbili ndani yake, na anayeshika fimbo anapaswa kuwa tayari kulegeza mkono.

Mishipi inasokotana

Sheria ya jimbo la Michigan humruhusu mvuvi mmoja mishipi mitatu, kwa hiyo watu watatu wanaweza kutoka na tisa. Mashua ya mita tano haina nafasi ya tisa. Kwa watu wawili, minne inatosha: miwili ya chubwi, na miwili ya nje yenye sahani za kuzamia zilizopangwa kuvuta kila moja upande wake. Ya chini kabisa ishushwe kwanza, mashua iwe inakwenda wakati wote, na kila mshipi ufike mahali pake kabla ya mwingine kuanza kutolewa. Kona zikatwe kwa upana. Anayegeuza ghafla kwa sababu ameona ndege wakijitupa majini ataipoteza asubuhi nzima akifungua mafundo.

Mshipi ukijiviringisha wenyewe kama waya wa simu ya kale ya mezani, chanzo ni kijiko kinachozunguka. Weka pete za gololi mbele ya chambo, na kabla ya kuutupa mshipi, uachie wote nyuma ya mashua bila chambo kwa dakika chache ili ujifungue.

Kuna tatizo ambalo mgeni hulidhania kuwa pamba iliyolowa: utelezi mweupe uliojaa kwenye mshipi hadi hauwezi kupita kwenye pete za fimbo. Hao ni viroboto-maji wenye miiba, wanyama wadogo wa kigeni waliogunduliwa Ziwa Michigan mwaka 1986, na huongezeka sana katikati ya kiangazi. Mshipi mwembamba huwanasa kwa urahisi, mnene wa nailoni laini huwanasa kidogo, ndiyo maana wenyeji hupanda hadi mshipi unaostahimili uzito wa pauni 30 au zaidi mwezi Julai. Wapanguse kwa vidole kila mara mshipi unapopanda, kabla hawajakauka.

Mashua haishiki mstari wala mwendo

Mashua nyepesi yenye ubavu mrefu huchukuliwa na upepo kama tishari. Injini kubwa, hata ikiwa kwenye mwendo wake mdogo kabisa, mara nyingi huenda maili 3 au zaidi. Hapo unahitaji injini ndogo ya pili, ya nguvu farasi 6 hadi 10, au mfuko wa turubai unaoburutwa majini kutoka karibu na omo ili kuvunja mwendo na kuishika pua ya mashua. Mfuko huo uwe na kamba fupi ya kutosha ili usiweze kufika kwenye rafadha. Mawimbi yakitoka nyuma, mashua hukimbia kila inapoteremka wimbi na kukwama inapopandwa na jingine, na chambo huiga yote. Mara nyingine samaki hupenda badiliko hilo. Wasipolipenda, vua kwa pembe, kwa kuyakata mawimbi kimshazari. Upepo mwepesi wa tezi huleta pia moshi wa injini ndani ya mashua kwa saa nyingi mfululizo, na kichwa kinachoanza kuuma wakati huo ni dalili ya sumu. Geuza mashua mara moja, upate hewa.

Chubwi limenasa chini

Hii ndiyo hitilafu pekee humu inayoweza kuzamisha mashua. Chubwi likinasa kwenye mwamba au kwenye nyavu zilizoachwa, waya unakazika, na mashua inayoendelea kwenda huvutwa tezi chini huku mawimbi yakiingia. Weka injini bila gia papo hapo, legeza breki ya mtambo ili waya utoke wenyewe, kisha rudi taratibu kuelekea ulikotoka hadi uwe juu ya chubwi, ukilivuta kwa upande wa pili, na mtu mmoja akiuangalia waya usifike kwenye rafadha. Kama mawimbi ni makubwa au waya umebaki kidogo, ukate. Koleo la kukatia chuma liwe limefungwa kwa kamba karibu na mtambo, mahali unapoweza kulifikia bila kutazama, na kila aliyemo avae jaketi la kuokolea wakati wote, si kulikalia: baada ya upepo ule ule unaoleta samoni karibu na ufuko, maji ya Julai yanaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na katika baridi hiyo mikono hupoteza nguvu ya kushika ubavu wa mashua ndani ya dakika chache.